Cheti cha Kutovuja

Lori lilikuwa limeshaacha lami, na mji umegeuka vumbi nyuma yetu, ndipo Sista Nyanzala aliponiambia niondoe goti langu kwenye sanduku lake.

"Babu, hicho si kiti."

"Sijakalia, mwanangu. Nimeegemea tu."

"Usiegemee. Goti lako lina joto."

Nikaliondoa. Sanduku lilikuwa la plastiki ya buluu, limefungwa mkanda mara mbili, na ndani yake kulikuwa na barafu na chanjo ya surua ya kutosha watoto mia nne. Kule Mavunde tulikokuwa tunaelekea, surua ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba. Sista ndiye nesi pekee wa zahanati ya wanaushirika kule, na kabla hajapanda gari kuja mjini kufuata chanjo alikuwa ameshazika watoto sita. Barafu ingedumu mpaka magharibi. Safari ni ya saa saba, na tuliondoka saa moja asubuhi. Mimi shule nilisoma kwa vipande, darasa la kwanza nchi hii, la tatu nchi ile, la pili sikulikuta mahali popote. Lakini hesabu hiyo niliiweza. Tungefika saa nane mchana, barafu bado ngumu.

"Kila kichupa kina kimraba," Sista alinieleza, maana niliuliza, mimi huwa nauliza. "Kimechapwa kwenye lebo, katikati ya duara la zambarau. Kikiwa cheupe, chanjo ni nzima. Kikipata joto kinaiva taratibu. Kikifanana na duara, unatupa."

"Na usipotupa?"

"Unamdunga mtoto maji, Babu. Na mama yake anakushukuru."

Dereva hakucheka. Alikuwa Mbaruku, mwenye lori, mtu mfupi, mweusi mikono kwa grisi isiyotoka hata kwa mchanga. Lori lenyewe lilikuwa la kubebea mahindi na lilikuwa limezeeka kuliko Sista, lakini Mbaruku alilijua kama mtu anavyojua jino lake bovu. Asubuhi ile, kabla hatujapanda, nilimwona analala chali chini yake. Akalifuta tumbo la tangi la dizeli kwa kitambaa kikavu, akapaka unga wa muhogo kwenye mishono yote, kisha akaketi akanywa chai. Alipomaliza chai akarudi chini. Unga ulikuwa mweupe vilevile, hauna doa.

"Halivuji," alisema, akijipangusa. "Lingekuwa linavuja, unga ungeshakuwa uji."

Huo ndio ulikuwa ukaguzi wa kwanza wa siku ile. Ulichukua muda wa kikombe kimoja cha chai, na ulikuwa wa kweli. Naomba mnikumbukie hilo.

*

Sasa nieleze nchi yenyewe, maana asiyeijua ataniona mwongo. Jina lake silitaji. Miguu yangu imechoka na mpaka wake hauko mbali.

Ilitokea kwamba Rais wa nchi hiyo, ambaye watu wake humwita Baba Mnyoofu, alikwenda ziara ya ng'ambo. Kwenye uwanja wa ndege miwani ikamdondoka. Akainama kuiokota, suruali ikapasuka nyuma, na mpiga picha mmoja akawa amesimama upande usiofaa. Gazeti lililochapa picha hiyo halikuingia nchini hata nakala moja. Kilichoingia ni Sheria ya Unyoofu: mtumishi wa Serikali aliyevaa sare haruhusiwi kuinama, kuchuchumaa, kupiga magoti wala kutambaa akiwa kazini, kwa sababu anapoinama yeye, ni Taifa zima limeinama.

Mimi sisemi ni sheria mbaya. Nimepita nchi zenye sheria mbaya zaidi. Nasema tu kwamba ofisini kwao kalamu ikianguka, imeanguka. Hospitali zao za Serikali humpandisha mgonjwa juu ya meza mbili ili daktari amsikilize kifua akiwa wima. Polisi wao hawajapata kuona alama ya mguu wa mwizi.

Mwaka uliofuata gari moja la mafuta lilivuja katikati ya soko, likawaka, likaua watu thelathini na mmoja. Gari lilikuwa la Serikali. Kwa hiyo Serikali ikachukua hatua kali dhidi ya magari ya raia. Ikaunda Wizara ya Uadilifu wa Vyombo vya Kimiminika, na wizara ikajenga vituo barabarani. Hakuna gari lililoruhusiwa kupita bila Cheti cha Kutovuja, na cheti kilidumu kwa safari moja tu.

Tangi, kama mnavyojua, huvuja kwa chini.

*

Kituo tulichokifikia saa nne na nusu kilijengwa kati ya mlima na bwawa, mahali ambapo hakuna njia ya kuzunguka. Kulikuwa na kizuizi cha bomba lililopakwa rangi za bendera, kibanda, na banda la bati ambamo yaliegeshwa magari matatu ya Serikali. Ardhi chini ya magari hayo ilikuwa nyeusi na inang'aa. Harufu ya mafuta ilikuwa kali mpaka Sista akajifunika pua kwa kanga. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa: HAPA HATUVUJI.

Mkuu wa kituo alitoka taratibu, kama mtu anayebebwa kwenye sinia. Afande Ladislaus Mtitu. Sare yake ilipigwa wanga mpaka magoti hayakunjiki. Alitembea kama bikari. Nyuma yake alikuja koplo mmoja mwanamke, mwembamba, ameshika kitabu kikubwa cha fomu. Kwenye kifua chake paliandikwa Sikujua, na hilo ndilo lilikuwa jina lake.

"Madereva wa nchi hii," Afande alianza, akiwa hata hajatusalimu, "wana tabia ya kufika hapa wakiwa na haraka. Haraka ndiyo mama wa kuvuja. Una haraka?"

"Shikamoo, Afande," alisema Mbaruku.

"Nimekuuliza una haraka?"

"Mimi sina. Sanduku la Sista ndilo lina haraka."

Sista akateremka, akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza manesi na ndugu wa mgonjwa: surua, Mavunde, watoto sita, barafu, magharibi. Alipomaliza, Afande alimtazama kwa huruma kubwa.

"Mama, umenigusa. Na kwa sababu umenigusa, nitafuata utaratibu wote bila kuruka hata hatua moja. Koplo, andika."

Koplo Sikujua akaandika. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Iliuliza jina la tangi. Iliuliza tangi lilizaliwa wapi, limewahi kuvuja utotoni, na kama kuna ndugu zake wanaovuja.

"Jina la tangi?" Koplo aliuliza, macho kwenye karatasi. Niliona anaona aibu.

"Liite Tangi," alisema Mbaruku.

"Jina la pili?"

"Tangi bin Lori, dada yangu. Andika tu."

Wakati huo jua lilikuwa linapanda na mimi natazama sanduku. Chini ya kona yake moja, kwenye ubao wa sakafu ya kibini, kile chumba cha dereva, palikuwa na tone la maji.

*

Afande naye aliliona. Tuseme alikuwa na macho mazuri kwa kila kitu kilichokuwa juu ya kiuno chake, na kibini cha lori kiko juu.

"Kile nini?"

"Ni jasho la barafu, Afande," alisema Sista. "Nje ya sanduku."

"Kimiminika?"

"Ni maji tu."

"Nimeuliza, kimiminika au si kimiminika? Wizara yetu haiitwi Wizara ya Dizeli. Ni ya Vyombo vya Kimiminika. Chombo chako kinavuja mbele ya macho yangu. Kifunguliwe."

Sista alilikumbatia lile sanduku. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema, "Afande, nikifungua, joto linaingia. Kila dakika ni watoto. Nakuomba. Nitakupigia magoti." Akapiga magoti pale pale kwenye matope ya mafuta.

"Unaona?" Afande alimwambia Koplo. "Raia wanaweza. Sisi hatuwezi. Ndiyo tofauti."

Sanduku likateremshwa chini, likafunguliwa. Lilikaa wazi juani tangu saa tano kasoro robo mpaka saa sita kasoro dakika kumi, kwa sababu fomu ya chombo cha pili haikuwepo kituoni na ilibidi Koplo aichore kwa rula. Sista alisimama kando ya sanduku amelitandia kanga yake kama mwavuli, kichwa wazi. Kila baada ya muda alichukua kichupa kimoja, akakisogeza jichoni, akakirudisha.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Kimeanza kuwa na ukungu."

Mimi nimetembea sana. Nimenyang'anywa viatu, nimelala mahabusu za nchi nne, nimepigwa na watu waliokuwa na sababu na wasiokuwa nayo. Hasira niliyokuwa nayo pale ilikuwa mpya. Lakini nilinyamaza, na hilo naliandika hapa pia, maana siandiki habari za maafande peke yao.

*

Ndipo ikaja zamu ya tangi lenyewe.

Wizara haikuwa ya wajinga, watu wasije wakasema hivyo. Ilijua kwamba mkaguzi hainami na tangi huvuja chini, kwa hiyo ilinunua kutoka ng'ambo fimbo za chuma zenye kioo mwishoni. Unasimama wima, unapeleka kioo chini ya gari, unaona tumbo la tangi. Kifaa kizuri, nimekiona kwingine. Lakini kioo cha kituo kile kilikuwa kimechukuliwa na mke wa mkuu wa mkoa kwa matumizi ya saluni, na kilichobaki ni fimbo yenyewe na ile ncha ya chuma iliyokuwa imeshika kioo, kali kama mkuki wa kuchomea samaki.

"Unaonaje bila kioo, Afande?" Mbaruku aliuliza.

"Sioni. Nahisi. Mkaguzi mwenye uzoefu huhisi."

"Afande, tangi la zamani hilo. Acha nilale chini mimi, nipake unga, nikwambie."

"Yaani mtuhumiwa ajikague?"

"Basi Koplo atazame."

Koplo Sikujua alitazama viatu vyake. Vilikuwa mbali sana naye.

Afande akaipeleka fimbo chini ya lori, akiwa wima kama mnara, macho mawinguni. Akagonga. Tangi likalia *du*. Akagonga tena, *du*. "Sauti ya unafiki," alisema. Akarudisha mkono nyuma, akasukuma kwa nguvu ya Taifa zima.

Halikulia *du* tena. Lilitoa sauti ndogo, *pss*, kisha dizeli ikaanza kumwagika kwa uzi mmoja mrefu unaong'aa.

Kunguru wa banda wakaruka juu ya bati.

"Linavuja," alisema Afande Mtitu.

"Umelitoboa!" Mbaruku alipiga kelele. "Umelitoboa wewe, sasa hivi, kwa mkono wako!"

"Koplo, andika. Tangi lilifika likiwa zima. Lilipoulizwa, likavuja. Maana yake lilikuwa na nia."

Mbaruku hakungoja fomu. Alikuwa ameshaingia chini ya lori, mfukoni ametoa kipande cha sabuni ya mche. Kila dereva wa barabara mbovu anacho kipande hicho, wala si cha kufulia. Unakikanda kwa vidole mpaka kinakuwa laini, unakichanganya na nyuzi za gunia, unakisukuma tunduni, na ukikaa sekunde chache uzi wa mafuta unakatika. Sabuni hailiwi na dizeli. Mbaruku aliziba tundu lile kwa muda ambao mimi nawaandikia sentensi hii.

"Tayari," alisema kutoka chini. "Tunaenda."

"Umeziba nini?"

"Tundu."

"Umeziba ushahidi! Kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza! Zibua."

"Afande, mafuta yataisha."

"Ushahidi hauzuiwi kutoka. Mheshimiwa Waziri anapita hapa leo, na atauona kwa macho yake. Zibua, ama nikufunge wewe, na huyo mama, na huyu mzee anayetutolea macho."

Mbaruku alimtazama Sista. Sista alitazama kichupa. Uzi wa dizeli ukaanza tena.

*

Waziri alifika saa saba. Alikuja na gari moja refu jeusi, pikipiki mbili, na king'ora. Gari lilipopita kwenye kizuizi niliona ardhi nyuma yake, na mimi si fundi, lakini nilijua ninachokiona. Mstari mweusi, mbichi, umetoka mjini mpaka pale bila kukatika.

Mheshimiwa Daktari Evarist Kimbunga alikuwa mnene na mwenye sauti nzuri. Alisimama juu ya kiti alicholetewa, akatuhutubia: mimi, Mbaruku, Sista, Afande, Koplo, waendesha pikipiki wawili na kunguru.

"Wananchi! Adui wa Taifa leo hayuko mpakani. Yuko chini! Yuko pale tusipopaona! Na kwa kuwa hatupaoni, tumeamua kupalinda! Tangu Wizara hii ianze, hakuna gari hata moja la Serikali lililoripotiwa kuvuja. Hata moja! Nchi gani nyingine inaweza kusema hivyo?"

Afande akapiga makofi. Chini ya gari la Waziri palikuwa na kidimbwi kilichokuwa kinakua, na kilikuwa kimekutana na kidimbwi chetu.

Mbaruku bado alikuwa amelala chini ya lori, amekinga beseni ili aokoe walau nusu ya mafuta. Kutoka pale aliona kila kitu. "Mheshimiwa!" aliita. "Samahani. Tangi lako limeachia mshono. Wote. Kuanzia mbele mpaka nyuma."

Waziri alitazama huku na huku. "Nani anayezungumza?"

"Mimi hapa chini."

"Sikuoni."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo shida yenyewe."

Afande uso ulimwiva mpaka kwenye kola. "Anamtukana Mheshimiwa! Anasema gari la Serikali linavuja!"

"Asiyeamini atazame!" alisema Mbaruku. "Si lazima aniamini. Atazame tu! Mtu mmoja tu ainamishe shingo!"

Hakuna aliyeinamisha. Dereva wa Waziri alikaa ametazama usukani. Mshale wake wa mafuta, aliniambia baadaye, ulikuwa umelala chini kabisa, lakini hakuwa ameulizwa. Waendesha pikipiki walitazama mlima. Nilimwona Koplo Sikujua anaacha kuandika. Akaiweka kalamu sikioni. Akafunga kile kitabu, akakiweka juu ya kizuizi kwa adabu, kama mtu anayevua pete.

Kisha akainama.

Aliinama mpaka mikono ikagusa chini, akapiga magoti, akalaza shavu kwenye matope, akatazama chini ya gari jeusi. Akamwomba Mbaruku unga. Mbaruku akamrushia kifuko. Akapaka. Alipotoa mkono, vidole vyake vilikuwa vimejaa uji.

"Linavuja," alisema, akiwa bado chini. "Linavuja kama mvua, Mheshimiwa. La lori lilikuwa na tundu moja, na tundu hilo tumelitoboa sisi. Naomba waachiwe waende. Kuna watoto."

Sijawahi kusikia mtu wa Serikali anasema maneno yale. Nilidhani, mimi mjinga, kwamba yamekwisha. Sista alikuwa ameshaanza kufunga mkanda wa sanduku.

Waziri alifikiri. Alikuwa msomi.

"Huyu binti," alisema hatimaye, "alipokuwa wima alikuwa Koplo. Alipoinama, kwa mujibu wa Sheria ya Unyoofu, alikoma kuwa mtumishi wa Serikali. Kwa hiyo alichokiona huko chini amekiona akiwa raia. Na raia si mtaalamu wa matangi. Je, kuna mtaalamu yeyote aliyeona gari langu linavuja?"

"Hakuna, Mheshimiwa!" alisema Afande Mtitu.

"Basi halivuji. Niandikie cheti."

Alipewa cheti, Daraja la Kwanza, chenye muhuri. Dereva wake akapata ujasiri wa kunong'ona kwamba halivuji, sawa, lakini halina mafuta. Waziri akasema hilo ni jambo jingine kabisa na linaeleweka, maana Taifa lina safari ndefu. Ikaamriwa dizeli ya lori, kwa kuwa ilikuwa ushahidi, na ushahidi ni mali ya Serikali, ihamishiwe kwenye gari la Serikali.

Hakuna mwenye sare aliyeweza kunyonya mafuta kwa mpira, kwani lazima uiname. Kwa hiyo Mbaruku aliamriwa anyonye mwenyewe. Alinyonya mafuta yake kwa mdomo wake, akatema, akanyonya, machozi yanamtoka kwa ukali wa dizeli, akayatia kwenye gari jeusi. Yaliingia juu na kutoka chini. Tuliyasikia yakitoka. Tulisimama wote pale tunasikiliza dizeli ya lori la mahindi ikipita katika gari la Serikali kwenda ardhini, na Waziri akatupungia mkono kwa kitambaa.

*

Sista hakungoja lori. Alijitwika sanduku kichwani, akaanza kutembea. Nilimfuata, maana kutembea ndiyo kazi pekee ninayoijua. Saa moja baadaye tulikuta lile gari jeusi limesimama katikati ya barabara. Mstari mbichi uliishia chini yake. Waziri, dereva na waendesha pikipiki walikuwa wamelizunguka, wamesimama wima, wanatazama mbinguni.

"Mama!" aliita Waziri. "Una maji ya baridi humo?"

Sista hakusimama.

"Mama, nazungumza nawe! Gari limegoma na hatujui sababu!"

"Angalia chini, Mheshimiwa," alisema Sista, anaendelea kutembea.

Nilipogeuka mara ya mwisho, bado walikuwa wanatazama juu.

Baiskeli ya muuza mkaa ilitusaidia sehemu, na trekta sehemu. Tuliingia Mavunde kesho yake saa tatu asubuhi. Akina mama walikuwa wamejipanga kutoka mlango wa zahanati mpaka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, watoto mgongoni, na walipoliona sanduku wakapiga vigelegele. Katibu wa tarafa alikuwapo na hotuba yake mkononi.

Sista aliingia ndani. Akafungua. Barafu ilikuwa maji vuguvugu. Akatoa kichupa, akakipeleka dirishani, akakitazama, akakiweka chini. Akatoa cha pili. Alivitazama vyote, kimoja kimoja, na mimi nimesimama mlangoni. Nilitazama naye kile cha mwisho. Kimraba na duara vilikuwa rangi moja.

"Dada," Katibu alisema kwa upole, "wadunge tu. Mradi wameona sindano. Nimeshapiga simu wilayani kwamba zoezi limefanyika."

"Zimekufa."

"Nani atajua?"

"Mimi nimetazama," alisema Sista. "Mtu akishatazama amekwisha."

Akatoka nje akawaambia wale akina mama warudi nyumbani. Aliwaambia kwa nini, bila kuzungusha. Mmoja alimtemea mate usoni. Sista hakujifuta.

*

Yaliyowapata ni haya.

Watoto ishirini na watatu wa Mavunde walikufa kwa surua kabla sanduku la pili halijafika. Kwenye taarifa ya wilaya wamechanjwa wote.

Sista Nyanzala alishtakiwa kwa kuharibu chanjo ya Taifa kwa uzembe, akafukuzwa. Anauza vitumbua karibu na zahanati ambayo sasa haina nesi. Watu bado humpelekea watoto wawatazame.

Mbaruku alikaa miezi minne ndani kwa kosa la kuziba ushahidi. Lori lake bado liko kituoni, halina magurudumu.

Sikujua, aliyekuwa koplo, hakupewa hata barua ya kufukuzwa. Anafanya kazi kwenye gereji ya mjomba wake mjini, chini ya magari. Nilimpitia. Alinionyesha vidole vyake, vina grisi isiyotoka.

Dereva wa Waziri hana kazi. Mshale haukuwa kosa lake.

Waziri Kimbunga alipandishwa cheo. Ripoti yake ilisema gari liligoma kwa uzalendo.

Kituo kiliwaka mwezi wa saba, saa sita mchana, kwa kijiti cha kiberiti ambacho Afande Ladislaus Mtitu alikidondosha na, kwa mujibu wa sheria, hakuinama kukizima. Alizikwa kwa heshima zote. Kaburi lilichimbwa wima.

Uchunguzi wa chanzo cha moto ulifanywa na kamati ya watu tisa, waliosimama.